Masikio ya Wifi Yangu

Wifi yangu alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani, na kabla hajaigusa mashine ya mtu alikuwa akifukuza kwanza kelele. "Nyamazeni kidogo," atasema, na baraza nzima tunafunga midomo: mimi, wateja wangu, watoto wanaotoka shule, hata muuza sabuni wa jirani ambaye ni domo kaya tangu azaliwe. Hapo atalizungusha gurudumu kwa mkono, polepole, sikio karibu na chuma, macho ameyafumba. "Ndoano ya chini imelika," atasema. Anafungua, na ndoano ya chini imelika kweli. Watu wakampa jina la Nyamaza, likamkaa, hata kaka yangu ambaye ndiye mumewe akawa analitumia nyumbani.

Siku kaka alipomleta kwetu mara ya kwanza sikumpenda, na sikujificha.

"Kaka," nilisema mbele yake, "wenzako wanaleta mke, wewe umetuletea karakana."

"Wifi," akanijibu kabla hajaketi, "huo ulimi wako una kutu. Nikipata nafasi nitautia mafuta."

Mama yangu alicheka mpaka akajifuta machozi. Tangu siku ile tukawa chanda na pete, mimi na yeye. Nilipofungua duka langu la nyuzi, zipu na vifungo, yeye akaweka meza yake ya ufundi barazani kwangu, mlangoni kabisa, na hapo tukazeekea pamoja tukitukanana kutwa kwa mapenzi.

Ng'ambo ya barabara kuna safu ya mafundi nguo. Cherehani zote zikiwa zinakwenda kwa pamoja, mimi nasikia fujo moja tu, lakini wifi alikuwa anaketi na chai yake na kusema, "Ile ya dirishani inataka mafuta," au, "Huyo wa pembeni amekaza uzi kupita kiasi, subiri, utakatika." Na ulikuwa unakatika. Masikio hayo ndiyo yaliyowasomesha watoto wake watatu, maana kazi ya kaka ya kupaka rangi nyumba za watu ni ya msimu. Leo ipo, kesho anashinda nyumbani anafuga ndevu.

Kuinama siku nzima kukampa maumivu ya kiuno. Nilimwambia aende hospitali. Akaniambia hospitali watampa vidonge na kumwambia apumzike, na yeye vyote viwili hana haja navyo. Hapa mtaani kwetu mtu ambaye hajachomwa sindano hajatibiwa. Vidonge ni vya watoto, na vya watu wanaosingizia. Ukitoka kwa mganga bila kusugua paja au tako, jirani anakuuliza, "Kwani hawakukupa dawa?"

Basi akaenda kwa Dokta Chapu. Hakuwa daktari, na kila mtu alijua hakuwa daktari. Aliwahi kuuza kwenye duka la dawa, akatoka na ujasiri. Alipata jina hilo kwa sababu kwake hakuna foleni ya nusu siku wala kadi wala maswali: unaingia nyuma ya pazia, chap, umetoka. Na alikuwa msafi, hilo watu walimsifia. Sindano mpya, pakiti anaichana mbele ya macho yako. "Ona mwenyewe, mama, haijaguswa." Mtu anaona, anaridhika. Baadaye anatumbukiza vidole kwenye kopo lenye mfuniko, anatoa kipande cha pamba kilicholowa dawa ya kuua vidudu, anakupangusa kabla na baada.

Wote tulikuwa tunaikodolea macho ile pakiti. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za kopo. Dawa ya kuua vidudu ni ghali, kwa hiyo ikipungua Chapu alikuwa anaongeza maji ya bomba, ikipungua tena anaongeza tena, na kopo lenyewe halioshwi, maana kuna mtu anayeosha dawa? Alimradi lilikuwa bado linanukia hospitali kidogo. Kumbe kuna kidudu kinachoishi kwenye maji ya bomba tangu zamani, kivumilivu, ambacho dawa iliyozimuliwa namna ile hakioni kama ni dawa. Kwenye pamba ya Chapu kilikuwa kimejenga.

Wifi alichomwa sindano kadhaa, na kiuno kikapoa kweli. Alinicheka. "Wewe ungeniacha nife na vidonge vyako." Baada ya wiki chache paja lilifanya uvimbe mdogo, mgumu, usiouma sana. Akaukanda kwa maji moto. Ukawa jipu. Chapu akalipasua, akampa sindano nyingine ya kukausha, na pamba. Likaja la pili pembeni ya la kwanza, kisha la tatu, na yote yakafunguka yakawa yanatoa usaha mwembamba usiokauka. Aliacha kuketi sawasawa. Alikuwa anaegemea upande mmoja kama mtu aliyekalia msumari, na bado anasema nyamazeni kidogo, na bado hakosei.

Hospitali ya karibu walichukua usaha wakautazama kwenye darubini, wakakuta vijidudu vyekundu vyembamba. Wakasema ni kifua kikuu, lakini cha ngozi. Akaanzishwa dawa za kifua kikuu, zile zinazogeuza mkojo rangi ya chungwa. Muuza sabuni, ambaye jicho lake ni refu kuliko ulimi, aliona kifuko cha dawa, na kufikia jioni mtaa mzima unajua. Fundi mmoja wa ng'ambo aliyekuwa akinywa chai kwenye kikombe cha wifi miaka yote akaanza kuja na chake. Nilimwambia mbele za watu kwamba kama anaogopa kikombe, aogope na mikono, asilete tena cherehani yake. Wifi akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Usinifukuzie wateja, wifi. Maringo yako hayapiki."

Alimeza dawa zile kwa miezi, bila kukosa hata siku moja, na vidonda vikaongezeka. Kaka yangu ni mpole hadi anakera, lakini siku alipoona shuka imegandamana na paja la mkewe aliita gari akampeleka hospitali kubwa bila kumuuliza.

Huko tulikutana na daktari wa kike, kijana, macho yamechoka, sauti ya chini. Ndiye wa kwanza kutuambia ukweli. "Hiki si kifua kikuu," alisema. "Ni binamu yake. Kwenye darubini wanafanana, lakini dawa za yule huyu hazimgusi. Na huyu anakua haraka, wakati yule anachukua wiki nyingi." Akauliza kama mgonjwa alichomwa sindano mahali. Wifi akatazama ukuta. Mimi ndiye niliyemtaja Chapu, na kopo, na kila kitu. Maafisa wa afya walikwenda wakalibeba lile kopo, wakakuta kidudu kilekile, na watu wengine zaidi ya kumi wenye majipu waliokuwa wanaona haya kusema. Chapu aliingia mitini. Wakati wifi bado analala kwa ubavu mmoja, yeye alikuwa ameshafungua mtaa mwingine, na niliambiwa ana wateja wengi kuliko mwanzo.

Daktari akaeleza njia zilizopo. Kuna vidonge, ambavyo kidudu kikikubali kufa kwavyo, basi ndivyo nguzo ya matibabu, na vingine vya kuvisindikiza. Kama vidonge havifai, kuna sindano ya kila siku kwa muda mrefu. Sindano hiyo ina nguvu, lakini kwa baadhi ya watu huharibu masikio, na yakiharibika hayarudi.

Wifi alikuwa akikunja pindo la kitenge, akaacha. "Masikio yangu ndiyo kazi yangu," alisema.

"Ndiyo maana tutasubiri maabara watuambie kama vidonge vinafaa," daktari akajibu.

Maabara wanaotesha kidudu kwenye visahani, wanakiwekea dawa, wanaangalia kama kinakua. Sasa sikilizeni upuuzi huu. Wale watu wa maabara walikuwa wamezoea kifua kikuu, ugonjwa wa kusubiri mpaka unasahau ulichokuwa unasubiri. Wakaletewa kidudu kinachojaza kisahani kwa siku chache. Wakafurahi. Walipotazama, upande wenye dawa ya vidonge ulikuwa mweupe, hakuna kilichoota, wakaandika kwamba dawa inafanya kazi na wakaosha visahani. Kumbe kidudu hiki kina ujanja wake. Ukikikutanisha na dawa ile kinanyamaza kwanza, kinajifunza, kisha kinaamka na dawa haikifanyi kitu. Ukitaka kuujua ujanja huo lazima ukiache kisahani kama wiki mbili, ukitazame tena. Kidudu kinakwenda haraka, na wao wakakimbilia kukifuata, hakuna aliyekumbuka kungoja.

Sisi tulikuwa na furaha siku ya majibu. Kaka alinunua soda. Wifi aliwatania manesi wote wodini, akamwambia mmoja kwamba kitoroli chake cha dawa kinalia gurudumu la nyuma kushoto, na kwamba akimletea mafuta ya cherehani atakitengeneza bure. Tulirudi nyumbani na vidonge.

Kwa muda vidonda vilinywea. Vilifunga juu, vikaacha makovu ya zambarau, akarudi mezani kwake, na mimi nikawa napita nikimwambia apunguze deko. Kisha asubuhi moja alinyanyuka kwenye kigoda na nikaona kitenge kimelowa. Nikafunga duka tukarudi hospitali kubwa.

Daktari alirudisha usaha maabara, na safari hii akawasimamia wangoje. Visahani vilipotazamwa mara ya pili vilikuwa vimejaa. Alituita ofisini akatuambia yote, jinsi walivyosoma mapema, jinsi vidonge vilivyokuwa vikikifundisha kidudu badala ya kukiua. Alisema samahani, na nadhani ilimtoka moyoni. Mimi nilimuuliza samahani hiyo tuipake wapi, kwenye paja au kwenye masikio. Kaka akanivuta mkono. Sijaona sababu ya kuyafuta maneno yale.

"Sasa?" wifi akauliza.

"Sasa tunakwangua kidonda mpaka penye nyama nzima, na tunaanza sindano. Tutakupima masikio mara kwa mara. Ukisikia mlio wowote, kama wa nzi au wa kengele, ukiona watu wanasema kwa chini, uniambie siku hiyohiyo. Tutaisimamisha."

"Na mkiisimamisha, kidonda?"

Daktari hakutaka kudanganya. "Zipo dawa nyingine chache, za mshipani. Ni dhaifu zaidi kwa aina hii. Sijui."

Wifi akapiga moyo konde. Alikatwa, akakwanguliwa, na kila asubuhi akawa anatoka nyumbani kwenda kudungwa. Aliyekuwa akililia sindano sasa alizipata za kumtosha, akasema mwenyewe, na tulicheka wote wawili kile kicheko kibaya. Kidonda kikaanza kujaa. Safari hii hakikufunga juu kwa kudanganya, kilikuwa kikipanda kutoka chini, chekundu, safi. Nesi aliyekifunga alikuwa anatuita tuje kukiona kama anatuonyesha mtoto mchanga.

Kila baada ya siku kadhaa alikuwa anapelekwa kupimwa masikio. Ni kichumba kama kabati, kina kioo upande mmoja. Mgonjwa anaketi ndani amevaa hedifoni, anashika kitufe, na akisikia mlio anabonyeza. Mpimaji anaketi nje ya kioo na mashine yake. Majibu yalikuwa mazuri. Mara ya kwanza mazuri, ya pili mazuri, ya tatu mazuri. Kaka alishukuru Mungu.

Mara iliyofuata kaka alikuwa amepata kazi ya kupaka ukumbi, kwa hiyo nikampeleka mimi. Niliketi kwenye benchi nyuma ya mpimaji, nikawa namwona wifi usoni kupitia kioo. Alikuwa amekodoa macho. Mwanamke ambaye miaka yote nimemwona akisikiliza kwa kuyafumba, leo ameyatoa, wala hapepesi, na hayakuwa yananitazama mimi. Nikafuata yanakotazama. Kila mpimaji alipobonyeza mashine yake, kiwiko chake kilikuwa kinacheza kidogo, na wifi anabonyeza.

Alipotoka nilimwacha atangulie kwenye korido ya hospitali, nikamwita kwa nyuma. "Wifi." Akaendelea kutembea. Nikaita kwa nguvu, watu wawili wakageuka, yeye hakugeuka. Nilimkimbilia nikamshika bega, na aliponiona uso alijua kwamba najua.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Alitazama midomo yangu kwanza. "Punguza sauti," akasema, na yeye ndiye aliyekuwa anapiga kelele. "Bado nasikia. Nasikia nusu. Kuna mlio tu, unafunika."

"Tangu lini, wifi?"

"Tangu kidonda kilipoanza kujaa. Usimwambie. Nakuomba, kwa jina la mama yako, usimwambie. Kinafunga, umekiona, kinafunga kutoka ndani. Wakiacha sasa kitarudi. Wewe hulali na harufu hii. Kaka yako anageukia ukutani akidhani nimelala."

"Na kazi yako je?"

"Fundi gani atakaa na mimi barazani nikiwa navuja?"

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote. Jioni nilimweleza kaka. Aliifuta brashi yake, akasema mwili ni wa mwenyewe, Nyamaza ni mtu mzima. Nilimwambia hiyo si heshima, ni uvivu. Asubuhi nilikwenda kwa daktari nikasema.

Sijutii. Nayaandika haya nikiwa sijutii, ingawa wifi alikataa kusema na mimi kwa muda mrefu kiasi cha kuniuma. Daktari alimpima upya, safari hii mpimaji amegeuka mgongo, na wifi akaketi na kitufe chake kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba isiyokuwepo. Sindano ikasimamishwa siku hiyo. Kilichopotea hakikurudi, kama tulivyoambiwa. Lakini kuna jambo ambalo hatukuwa tumeambiwa, au tuliambiwa lakini hatukulishika: sindano hii hata ikishaachwa huweza kuendelea na kazi yake masikioni kwa muda. Kilichokuwa nusu kikawa robo, na robo ikawa kitu cha kukisiwa. Kidonda wakakimalizia kwa dawa za mshipani, polepole, kikafunga. Mpaka leo hakijarudi. Paja lina shimo unamoweza kuweka yai, lakini ni kavu. Kwenye takwimu za hospitali, nadhani, wifi yangu amepona.

Alirudi barazani. Alinisamehe bila kusema amenisamehe, aliketi tu asubuhi moja akataka chai. Hatutaniani kama zamani. Matusi mazuri yanataka wepesi, na ukilazimika kulirudia tusi mara tatu mbele ya uso wa mtu linakuwa tusi kweli. Watoto wake wamemshauri apumzike. Anasema atapumzika akifa, na anasema kwa sauti ambayo ng'ambo wanaisikia.

Juzi alikuja fundi nguo mmoja, mama mtu mzima, mteja wetu tangu tuna nguvu. Alikuwa amebeba cherehani yake kwa mikono miwili. Alimweleza wifi kwa ishara kwamba inaruka mishono. Wifi akaifungua, akaisafisha, akaitia mafuta, akabadilisha sindano, akakaza kila kilichokazika. Mikono yake haijasahau kitu. Kisha akalizungusha gurudumu na kuinamisha kichwa na kufumba macho, na sisi wote, kwa mazoea, tukanyamaza. Hata muuza sabuni.

Cherehani ilikuwa inagonga. Mimi ambaye sijui kitu nilikuwa naisikia kutoka ndani ya duka, chuma juu ya chuma, kila mzunguko. Wifi akazungusha tena, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akafumbua macho.

"Imepona," akasema. "Sikiliza mwenyewe ilivyolainika."

Yule mama alinitazama mimi. Nami nikamtazama yeye. Akafungua pochi, akalipa kama kawaida, akamshika wifi mkono akautikisa, akainyanyua cherehani yake. Alisema neno moja kwangu wakati anashuka baraza, kwa chini, ingawa hakukuwa na haja ya kusema kwa chini. Aliniuliza yule fundi mpya wa karibu na stendi anafungua mpaka saa ngapi. Nikamwambia. Akavuka barabara, akaenda upande wa stendi.

Wifi alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, amechangamka, uso wake kama wa zamani.

"Amesema nini?" akaniuliza.

Nilisogea mbele yake ili aione midomo yangu vizuri.

"Amesema asante."